Maswali ya wasomaji: Mkopo wa chuo kabla korosho haijafika mnadani

Kuanzia Mei barua za safu hii kutoka Mtwara na Lindi huwa na jambo moja tu, mkopo wa chuo. Safari hii tumechagua zile zinazogusa makosa tunayoyaona mara kwa mara. Majibu yote yanahusu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Bodi hutoa mwongozo mpya kila mwaka na unapatikana bure kwenye tovuti yake. Usome wa mwaka wako, maana wa mwaka jana unaweza kukupoteza.

Salaam wataalamu. Mwanangu amefanya mtihani wa kidato cha sita mwezi wa tano na sasa yuko JKT Nachingwea. Nasikia maombi ya mkopo yanafungwa mwezi wa nane. Mimi fedha ya maana naiona Oktoba, korosho ikiingia mnadani. Nimsubiri arudi, au nianze mwenyewe? Na nitahitaji kiasi gani?
*Mama, Tandahimba*

Usimsubiri, mama. Dirisha la maombi huwa wazi kati ya Juni na Agosti. Miaka mingine huongezwa siku kadhaa za Septemba, lakini anayepanga mambo yake kwa kutegemea nyongeza anacheza bahati nasibu. Matokeo ya kidato cha sita hayahitajiki ili kuanza, kwa sababu akaunti ya mwombaji hufunguliwa kwa namba ya mtihani ya kidato cha nne.

Ada ya maombi ni shilingi 30,000. Hulipwa mara moja kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ambayo mfumo wenyewe unakupa, na hairudishwi hata mkopo ukikosekana. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, una ada yake, shilingi elfu chache. Wakili au hakimu wa kuthibitisha fomu mtapatana, na steshenari watadai ya kuchapa na kuskani. Ukijumlisha nauli ya kwenda Tandahimba mjini na kurudi mara mbili au tatu, tenga kati ya 60,000 na 80,000 na iwe mkononi ifikapo Juni. Tunajua ni miezi ya salfa ya mikorosho na vibarua wa kuipulizia, ambapo fedha inatoka tu wala haiingii. Hata hivyo usiende kwa kangomba, mnunuzi wa magendo, kuuza korosho zikiwa bado maua ili upate hizo elfu sitini. Hasara ya bei atakayokupa itazidi ada ya maombi mara kadhaa. Afadhali kukopa kwenye kikoba, au kuweka akiba hiyo kwenye malipo ya mwisho ya msimu uliopita.

Sasa yapo unayoweza kufanya wewe na yapo asiyoweza kuyafanya mtu mwingine ila yeye. Wewe shughulikia uhakiki wa cheti chake RITA, ambao hufanyika mtandaoni: unapakia picha ya cheti, unalipa, unasubiri siku kadhaa, kisha unapewa namba ya uhakiki itakayoingizwa kwenye fomu ya mkopo. Shughulikia pia kitambulisho cha taifa cha mdhamini. Mdhamini anaweza kuwa wewe mwenyewe, na kama NIDA bado hawajakupa kadi, namba inatosha kuanzia. Kaya yenu ikiwa kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, chukua namba ya kaya kwa usahihi, herufi kwa herufi. Andaa picha za pasipoti, yako na yake.

Yeye ndiye mwenye nywila na ndiye mwenye saini. Hapo ndipo familia nyingi huteleza. Kijana yuko kambini, mjomba anasaini kwa niaba yake “ili mambo yaende”, halafu saini kwenye fomu haifanani na ile atakayoiweka chuoni. Aombe ruhusa kambini ajaze sehemu yake, au fomu isubiri atoke, ilimradi nyaraka nyingine zote ziwe tayari mezani.

Fomu ikishajazwa na kulipiwa huchapwa. Inasainiwa na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, kisha wakili au hakimu. Kurasa zenye saini na mihuri huskaniwa na kurudishwa kwenye mfumo. Mtafute mtendaji wa kijiji mapema, kwa sababu muhuri hauendi bila yeye na wiki za mwisho za Agosti kila mzazi anamhitaji. Kagua pia picha iliyoskaniwa kabla ya kuipakia: muhuri usiosomeka ni sawa na muhuri ambao haupo.

La mwisho ni la steshenari. Vijana wa pale wanasaidia sana, lakini wengine hufungua akaunti kwa namba ya simu na barua pepe zao wenyewe. Novemba mtoto anataka kuona kama amepangiwa mkopo, haingii. Namba ya simu iwe ya mtoto na laini isajiliwe kwa jina lake, barua pepe iwe yake, nywila iandikwe kwenye daftari nyumbani. Na kabla ya kuondoka dukani hakikisheni maombi *yamewasilishwa*. Kila mwaka wapo waliolipa, wakapakia kila kitu, wakasahau kubonyeza hatua ya mwisho. Kwenye mfumo hao ni watu ambao hawajaomba.

Shikamooni. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, vyeti vya shule vinasema Muhammad, na jina la babu limeandikwa kwenye kimoja tu. Pia nilirudia mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo nina namba mbili za mtihani. Nitumie ipi, na jina nifanyeje?
*Kijana, Masasi*

Marahaba. Tuanze na namba, kwa kuwa ndiyo inayoua maombi kimyakimya. Bodi hulinganisha orodha yake na orodha ya udahili wa vyuo kwa kutumia namba ya mtihani ya kidato cha nne. Ukiomba chuo kwa namba ya mwaka wa kwanza, ukaomba mkopo kwa namba ya kurudia, kompyuta inaona watu wawili: mmoja ana chuo hana mkopo, mwingine ana maombi ya mkopo hana chuo. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea, utashangaa tu kwamba hukupangiwa. Chagua namba moja, ile utakayoombea chuo, na uitumie hiyohiyo kila mahali.

Kuhusu jina, huku kwetu Salumu na Salum, Hamisi na Hamis, Mwanaisha na Mwana Aisha ni mtu yuleyule, lakini mfumo haujui hivyo. Tofauti ya herufi moja mbili, au jina la tatu kukosekana kwenye cheti kimoja, mara nyingi hutibiwa kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu kinachosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Hicho huambatishwa. Kama kosa lilifanywa na aliyeandika cheti cha kuzaliwa, peleka cheti kwenye ofisi ya msajili wilayani, ambayo iko kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ukaombe marekebisho. Ukiwa na majina tofauti kabisa, tuseme ulianza shule kwa jina la baba mlezi, kiapo hakitoshi. Inahitajika hati ya kisheria ya kubadili jina, inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hiyo ni gharama na ni wiki kadhaa, usiianze Agosti.

Katika hali zote hizo, jina la kushikilia ni la vyeti vya mtihani. Kitambulisho cha taifa na akaunti ya benki vifuate hilo. Akaunti ya benki yenye jina tofauti na la chuoni hurudisha fedha ya mkopo ilikotoka, na kuirudisha tena kwako kunachukua muda.

Baba yetu alikuwa mvuvi, alifariki mwaka 2016, tukamzika hapahapa kijijini. Hatuna cheti cha kifo. Nimeambiwa barua ya mwenyekiti inatosha kuthibitisha mimi ni yatima. Ni kweli?
*Binti, Kilwa Kivinje*

Si kweli, na pole kwa msiba. Barua ya mwenyekiti ni mwanzo wa njia tu. Kinachopokelewa ni cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, kama kilivyo cheti cha kuzaliwa. Ukiandika kwamba baba amefariki bila namba ya uhakiki wa cheti chake, maombi yanahesabiwa kama yana kasoro au baba anahesabiwa yu hai.

Kifo kilichotokea nyumbani miaka mingi iliyopita bado kinaweza kusajiliwa. Anza kwa mtendaji wa kijiji: ataandika barua inayotaja jina kamili la marehemu, tarehe na mahali alipofia, na nani anatoa taarifa. Mama au mtu mzima aliyekuwepo msibani aende nawe kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwa kuwa kuchelewa kutahitaji maelezo na pengine kiapo. Hakikisha jina la baba kwenye cheti cha kifo linafanana na jina la baba kwenye cheti *chako* cha kuzaliwa. Tumeona wasichana wawili wa kaya moja, mmoja akapata na mwingine akakosa, kisa cheti cha kifo kiliandikwa jina la utani ambalo kijiji kizima kilimjua nalo marehemu.

Barua nyingine iliyofika siku hizohizo inatoka kwa mtu ambaye baba yake hajafa ila aliondoka, na anauliza kama aandike “amefariki” ili mambo yawe mepesi. Asiandike. Kutoa taarifa za uongo kwenye maombi ni kosa kisheria, na cheti cha kifo cha mtu aliye hai hakihakikiki. Mama anaweza kuwa mdhamini peke yake, na hali yake ndiyo ielezwe kama ilivyo.

Tuna ekari sita za mikorosho na nyumba ya bati. Jirani anasema wenye korosho hawapewi mkopo, kwamba tuandike tunalima muhogo tu. Mwanafunzi aliyesomeshwa shule ya binafsi kidato cha kwanza hadi cha nne naye anakosa?
*Mzazi, Ruangwa*

Jirani anawatakia mema lakini ushauri wake ni mbaya. Mkopo hupangwa kwa kupima uwezo wa familia: gharama za masomo ya mwanafunzi upande mmoja, na kile kinachokadiriwa kwamba familia inaweza kuchangia upande mwingine. Mkopo hujaza pengo. Kwa hiyo swali halisi kwenye maombi ni familia inaweza kuchangia kiasi gani, na jibu la hilo kwa mkulima wa Ruangwa ni gumu kidogo kuliko kwa mwalimu mwenye hati ya mshahara.

Korosho huingia kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, huuzwa mnadani chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza huku kusini msimu wa 2007/2008, na malipo hupita benki. Maana yake malipo hayo yana kumbukumbu. Ukiandika muhogo tu, na akaunti ya chama cha msingi ina jina lako, umejiweka pabaya. Andika mapato ya mwaka mzima ukitoa gharama. Kosa tunaloliona zaidi ni la kinyume chake: mzazi anaulizwa kipato, anataja malipo ya mnada mmoja mnono kana kwamba ndiyo ya kila mwezi. Ekari sita za mikorosho ya kizamani iliyosongamana zinaweza kutoa mavuno yanayomalizwa na deni la pembejeo, ada za watoto wengine na chakula cha Februari hadi Mei. Chukua stakabadhi za misimu miwili, zijumlishe, toa gharama, gawanya. Namba ndogo yenye karatasi nyuma yake ina nguvu kuliko maneno “sisi ni maskini”.

Nyumba ya bati haimnyimi mtu mkopo. Shule ya binafsi inaangaliwa, kwa sababu ada iliyolipwa huko ni dalili ya uwezo. Aliyesomeshwa na mfadhili, awe shirika, parokia, msikiti au mtu binafsi, alete uthibitisho wa mfadhili huyo. Bila huo ada yote inahesabiwa kuwa ilitoka mfukoni mwenu. Ikiwa mfadhili amekwisha ondoka nchini, tafuta nakala za barua zake shuleni kabla ofisi haijabadilisha mhasibu.

Mwenye ulemavu, yeye mwenyewe au mzazi wake, ajaze fomu maalumu na ithibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Cheti cha zahanati hakichukui nafasi yake.

Nimechaguliwa stashahada ya uhasibu, Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) tawi la Mtwara. Rafiki yangu yuko stashahada ya ualimu. Yeye ameambiwa aombe mkopo, mimi nimeambiwa siwezi. Kwa nini?
*Kijana, Mtwara Mikindani*

Kwa sababu mikopo ya stashahada ilianza mwaka wa masomo 2023/2024 na haikufunguliwa kwa fani zote. Orodha ya kwanza ilikuwa na afya na sayansi shirikishi, ualimu, usafirishaji na ugavi, uhandisi wa nishati, madini na sayansi za ardhi, pamoja na kilimo na mifugo. Uhasibu haukuwemo. Angalia orodha ya mwaka wako, usichukulie kwamba imebaki vilevile. Ukimaliza stashahada na kuingia shahada unaweza kuomba mkopo wa shahada ukiwa hujavuka miaka 35, huna ajira rasmi, na hujapitisha miaka mitano tangu umalize masomo yanayokupa sifa ya kuingia chuo.

Kwa mnaomaliza kidato cha sita kwenye sayansi na kufaulu juu sana, kuna pia ufadhili wa Samia Scholarship ulioanza 2022/2023 kwa masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Huo ni ruzuku, haulipwi. Majina ya wenye sifa huchapishwa baada ya matokeo, kisha mwenye sifa anaomba. Haumjii mtu kitandani.

Nimepangiwa chakula na malazi na sehemu ndogo ya ada. Ada iliyobaki ni zaidi ya laki nane. Nikate rufaa, au nikate tamaa? Na bumu la kwanza (fedha ya kujikimu) linatoka lini?
*Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kutoka Nachingwea*

Kata rufaa, ila uwe na kitu kipya cha kusema. Dirisha la rufaa hufunguliwa baada ya awamu za upangaji kutangazwa na rufaa huwasilishwa kupitia akaunti yako ileile. Rufaa inayosema “naomba mnifikirie” haina pa kushika. Rufaa yenye cheti cha kifo ambacho hakikuwepo, namba ya kaya ya TASAF iliyosahaulika, uthibitisho wa mfadhili wa sekondari au fomu ya ulemavu, hiyo ina kitu cha kupimwa upya. Kama ulikuwa umewasilisha vyote na hakuna kilichobadilika nyumbani, uwezekano ni mdogo, na ni heri uanze mapema kuzungumza na ofisi ya fedha ya chuo kuhusu kulipa ada kwa awamu. Hapa korosho inawasaidia watu wa kusini kidogo: mnada wa Oktoba na Novemba unaangukia muhula wa kwanza. Andika barua ya ahadi ya malipo yenye tarehe mnazoweza kuzitimiza.

Bumu halitoki mpaka uwe umesajiliwa chuoni, chuo kimethibitisha kwamba upo, na wewe umejisajili kwenye mfumo wa malipo wa Bodi na kuweka alama ya kidole. Ikiwa ulichaguliwa vyuo viwili, mkopo unakwenda kule ulikothibitisha udahili. Aliyeripoti chuo kingine huanza mlolongo wa kuhamisha, na rafiki zake wanakuwa wamekwisha kula bumu mbili. Fedha ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na kwa kawaida hulipwa kwa siku 60, kwa hiyo anayepata kiwango kamili huona 600,000 kwa mkupuo. Fedha ya vitabu na viandikwa ni 200,000 kwa mwaka. Ada huenda moja kwa moja chuoni, wewe huigusi.

Mtu anayetoka Nachingwea kwenda Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya asafiri na fedha ya mwezi mmoja. Godoro, ndoo, amana ya chumba na chakula cha wiki za kusubiri usajili havisubiri alama ya kidole. Wanaoondoka nyumbani na nauli tu ndio tunaowasikia wakiuza simu wiki ya pili, na simu hiyohiyo ndiyo ina laini ya akaunti ya mkopo.

Mwaka wa pili nilifeli na nimeambiwa nirudie mwaka. Mkopo unaendelea?
*Mwanafunzi, Lindi*

Kwa mwaka unaourudia, hapana. Bodi hulipa mwanafunzi anayeendelea baada ya chuo kupeleka matokeo yanayoonyesha amevuka. Ukifaulu na kupanda mwaka, malipo hurudi, ilimradi ofisi ya mikopo ya chuo ina taarifa zako. Usihame kimya na usiahirishe masomo kimya. Ukiahirisha kwa ugonjwa au uzazi, barua ya chuo ya kukubali kuahirisha ipite kwa afisa mikopo siku ileile. Aliyeachishwa masomo kabisa na kudahiliwa upya baadaye hutakiwa kwanza kulipa asilimia 25 ya mkopo aliokwisha kuuchukua kabla ya kufikiriwa tena.

Nafundisha Newala. Kwenye hati ya mshahara nakatwa asilimia 15 ya mkopo wa chuo. Kaka yangu alikatwa 8 miaka ya nyuma. Deni langu ni milioni 9. Nitamaliza lini, na je, riba bado ipo? Mke wangu naye alisoma kwa mkopo, ana duka la dawa Kitangali, hajawahi kulipa.
*Mwalimu*

Asilimia 8 ilikuwa kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Tangu hapo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, posho hazihesabiwi. Tuchukue mshahara wa msingi wa 800,000: makato ni 120,000 kwa mwezi, na milioni 9 ukigawa kwa 120,000 unapata miezi 75, yaani miaka sita na miezi mitatu. Ukipandishwa daraja, makato yanapanda na muda unapungua. Tozo ya kulinda thamani ya mkopo ya asilimia 6 kwa mwaka, ile iliyofanya watu walipe huku deni likivimba, iliondolewa mwaka 2021 pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kuanza kulipa. Kilichobaki ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1.

Taarifa ya deni iangalie angalau mara moja kwa mwaka, uilinganishe na hati zako za mshahara. Mwajiri anatakiwa kupeleka makato kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kwa walimu wa serikali hili ni la kawaida, lakini kwa shule binafsi tumeona hati inaonyesha makato na taarifa ya deni haionyeshi kitu. Hati hizo zitunze, ndizo ushahidi kwamba umelipa. Ukikaribia kumaliza, andikia Bodi miezi mitatu kabla uombe makato yasimamishwe na upewe cheti cha kumaliza deni. Wengi hukatwa miezi miwili au mitatu ya ziada kisha wanaanza kudai kurudishiwa. Na kabla hujachukua mkopo wa benki, kumbuka makato yote kwa pamoja lazima yakuache na theluthi moja ya mshahara.

Mke wako hakusamehewa kwa kuwa hana mwajiri. Urejeshaji huanza miezi 24 baada ya kumaliza masomo, na aliyejiajiri hulipa shilingi 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, kile kilicho kikubwa. Achukue namba ya kumbukumbu ya malipo kwenye mfumo wa Bodi, alipe kwa simu au benki, na aweke risiti. Kama duka linayumba, aandike mapema kueleza hali kuliko kukaa kimya.

Kuna mtu hapa stendi anasema kwa 100,000 anaweza “kusukuma jina” Bodi. Anataka pia nywila ya akaunti yangu.
*Msomaji, Mangaka*

Usimpe hata moja. Malipo halali ya maombi ni yale ya namba ya kumbukumbu ya malipo tu, na hakuna namba ya simu ya mtu binafsi ndani yake. Mwenye nywila yako anaweza kubadilisha namba ya benki, na kwa kawaida hufanya hivyo wiki bumu linapotoka. Ikiwa umekwisha mpa, ingia sasa hivi ubadilishe nywila, kagua namba ya simu na akaunti ya benki iliyoandikwa, kisha toa taarifa kwa afisa mikopo wa chuo na polisi. Hiyo laki moja inatosha ada ya maombi, uhakiki wa RITA na nauli ya kwenda Masasi kwa wakili, na chenji inabaki.